Kisa cha Kofia, Kuanzia Pale Ninapokomea

Mwanangu Hamisi,

Salamu nimezipunguza kwa sababu bado unaishi nyumbani kwangu, na hivi ninavyoandika nasikia sauti yako huko njiani ukiagana na wenzako kwa kelele, utadhani unakwenda Ulaya, kumbe ni Moshi kuanza ukalimani. Mimi mzima. Mama yako naye mzima ila amenuna, na aliyemnunisha ni mimi, kama kawaida.

Habari za safari sitaziandika. Ulale wapi, ule nini, umwamkie nani ukifika, hayo mama yako amekwisha kukuambia, na yeye akichoka atapokea mama yako mdogo. Tena ukifuata maelekezo yangu utapotea. Mji mzima unajua kwamba niliwahi kupotea nikienda Kisongo, pahali ambapo mtu akisimama juu ya kisiki anapaona.

Nataka tuzungumze habari ya leo mchana.

Leo mchana nilikufokea mbele ya rafiki zako. Nilisimama ghafla nikalipiga teke sinia, kahawa ikamwagikia mkeka, nikakuita jina ambalo baba hamwiti mwanawe. Kisha yule rafiki yako mwenye meno makubwa ya mbele akanong'ona, akidhani simsikii, "Kumbe Mzee Juma naye ana hasira!" Alilisema kama mtu aliyemwona kuku akiogelea. Nawe ukanijibu, tena kwa heshima, jambo lililoniuma zaidi: "Lakini Baba, kisa ni chako mwenyewe. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Nilitoka nikaenda kusimama kando ya mto, nikasimama pale mpaka wanawake waliokuwa wakifua wakaanza kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Ulisema kweli. Kisa ni changu. Nimekisimulia barazani kwetu mara nyingi kuliko nilivyosimulia habari ya kuzaliwa kwako, na kila mgeni anayefika mjini, awe fundi wa viatu au mpagazi wa msafara, huambiwa, "Nenda kwa Juma mkalimani, akusimulie jinsi mzee alivyombariki Mdachi." Nami husimulia. Naonyesha jinsi Bwana Mkubwa wa wakati ule, Mjerumani wa bomani, alivyokwenda Ngaramtoni kutafuta vijana waliojificha kukwepa kazi ya barabara. Naonyesha jinsi alivyofika mbele ya nyumba ya mzee mmoja, nyumba ya mlango mfupi kama zilivyo nyumba zote za Waarusha, akavua kofia yake maana ingegonga juu, akainama ili achungulie ndani. Ndani pale pale mlangoni ameketi mzee juu ya kigoda. Mzee anaona kichwa cheupe kimeinamishwa mbele yake. Na kwa Waarusha, wewe wajua, mtoto akimwamkia mtu mzima huinamisha kichwa, na mtu mzima humwekea kiganja utosini. Mzee akafurahi. Akasema moyoni, kumbe huyu amelelewa! Akaweka kiganja chake chenye ugoro juu ya utosi wa Bwana Mkubwa, akasema, "Ero, sopa." Yaani, kijana wangu, hujambo.

Hapo baraza huanza kuvunjika mbavu. Kisha naigiza Bwana Mkubwa anavyoruka, kichwa kinavyogonga boriti, masizi yanavyomwangukia puani, kofia inavyobingirika mpaka kwenye mavi ya mbuzi, na bibi mmoja nje anavyopiga makofi akisema, "Kumbe hata wao wana mama zao!" Watu hucheka mpaka wanashikana mabega. Na hapo ndipo ninapokoma. Siku zote nakomea kwenye kofia.

Hujawahi kuniuliza, "Halafu?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Kisa kilichokwisha watu wakicheka, nani atatafuta mkia wake?

Leo wewe ukaongeza mkia. Ulimwigiza yule mzee. Ulijikunja mgongo, ukalegeza mdomo, ukatoa sauti ya zezeta. Mimi sikumfanya zezeta hata siku moja, jambo hilo naliapia. Kisha ulipoona wenzako wanacheka ukawapa na kitoweo. Ukasema, "Ndio hao watu wa mlimani. Mwalimu wetu ametuambia, hata neno la adabu hawana katika lugha yao."

Hamisi! Wewe unasema hivyo? Wewe uliyenyonya maziwa ya Naserian, binti wa Ngaramtoni? Neno hilo umelisikia kabla hujajua kutambaa. Ulipomnyang'anya dada yako muwa, mama yako alikwambia, "Huna enkanyit." Ulipompita jirani bila kumwamkia, "Enkanyit yako umeiacha wapi?" Umepigwa makofi kwa ajili ya neno hilo, umelizwa kwa ajili yake, halafu mtu mmoja aliyevaa soksi ndefu anasimama mbele ya ubao anakwambia halipo, nawe unamsadiki yeye, unamwacha mama yako! Nimekuwa mkalimani maisha yangu yote na sijapata kuona uziwi wa namna hiyo.

Haya, ngoja nipumue. Unaona? Kalamu imechoma karatasi. Mtu asiyezoea kukasirika hukasirika vibaya, kama mtu asiyejua kuogelea anavyopiga maji.

Sasa nitakusimulia kuanzia kofia ilipoangukia. Nimemwomba ruhusa mama yako, kwa maana kisa hiki ni chake kuliko changu. Aliketi akichambua maharage, kisha akasema, "Mwambie. Mjukuu si mtu wa kando."

Ndiyo. Yule "mzee mmoja wa Ngaramtoni" ni babu yako Loishiye, baba yake mama yako. Ulimwona ungali mdogo sana. Unakumbuka labda fimbo yake na harufu ya ugoro. Hukupata kujua kwa nini hakukanyaga nyumba yetu hapa mjini hata mara moja, na uliwahi kuniuliza kama hatupendi sisi Waswahili. Alitupenda. Hakutaka kupita karibu na boma la Wadachi. Na kila nilipoanza kisa cha kofia, mama yako huinuka kwenda kuangalia moto. Moto gani huo wa kuangaliwa kila mara, Hamisi? Sisi sote tuliokuwa tukicheka tulidhani ana bidii ya jikoni.

Siku ile nilikwenda na Bwana Mkubwa kama mdomo wake. Hakujua kwamba anakwenda nyumbani kwa wakwe zangu, na mimi sikumwambia, maana nilitumaini tutapita tu. Tangu asubuhi alikuwa akiwaita watu wazima wote "boi". Mtu mwenye mvi, boi. Mtu mwenye wake na wajukuu, mtu aliyeongoza rika lake vitani, boi, njoo hapa. Nami kazi yangu ilikuwa kuligeuza neno hilo kwa Kimaasai wanachosema Waarusha. Nililigeuza kila mara kuwa "baba". Yeye anasema, "Mwambie huyu boi asimame." Mimi nasema, "Baba, anaomba usimame." Nilijiona hodari kweli. Nilidhani mkalimani mjanja anaweza kupita katikati ya watu wawili kama maji, wala mmoja asimwone mwenzake alivyo.

Basi kofia ikaanguka. Watu wa nyumba ile walicheka, ni kweli, lakini walicheka kwa furaha, kama unavyocheka mgeni akijikwaa mlangoni kisha ukamwinua. Babu yako mwenyewe aliinuka amwokotee kofia. Aliifuta mavi kwa shuka lake. Tendo hilo la kuifuta sijapata kulionyesha barazani.

Bwana Mkubwa akaniuliza, "Amesema nini huyu?"

Nikamwambia, "Amekuamkia, Bwana. Amekuita mwanawe. Ni heshima."

Hapo ombasha wetu, mkubwa wa askari tuliokuwa nao, akaona nafasi ya kuwachekesha wenzake. Na yeye alijua Kimaasai cha kununulia mbuzi. Akasema, "Ero ndiyo boi, Bwana. Amekuita boi."

Askari wakacheka. Mimi nilimtazama Bwana Mkubwa usoni na nikaona wazi kwamba mkono wa mzee kichwani angeuvumilia, hata mavi ya mbuzi angeyavumilia. Kicheko cha askari wake ndicho kilichomshinda. Uso ukawa mwekundu mpaka masikioni. Neno lile lile! Alilitupa tangu alfajiri kwa kila mtu aliyemkuta, kwa dharau, na hakuna aliyemgusa. Mzee akamrudishia neno moja tu lenye umri ule ule, kwa upendo, na kiganja juu yake. Bwana Mkubwa akasema, "Hamsa ishirini."

Hata watoto wadogo wa nchi hii wanaijua hesabu hiyo ya viboko, sina haja ya kukufafanulia.

Nilisema, "Bwana, amekukosea nini? Umeinama, amekubariki." Nilisema kwa Kiswahili kilicho wazi, pasipo mzaha, labda kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Akanijibu, "Wewe sema ninayosema."

Wakamlaza babu yako katikati ya ua wake mwenyewe, mahali ambapo wanawe walitahiriwa. Wakamvua shuka lake.

Hamisi, sikiliza jambo hili maana ukiwa umekulia mjini huenda hulijui vizuri. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe akiwa hana nguo. Hili halina mjadala wala nafasi ya kuomba radhi baadaye. Ni jambo lisilotendeka tu. Palikuwa na wake za ndugu za mama yako pale, na mabinti. Mama yako mwenyewe alikuwapo, alikwenda kwao kusalimia, na wewe ulikuwa mgongoni mwa mama yako mdogo unanyonya kidole. Wanawake wote wakageuka. Bila mtu kuwaambia neno, wakaipa migongo ile shughuli, wakaielekea migomba. Wakasimama hivyo wima, kimya, wameikazia macho migomba kana kwamba migomba ndiyo iliyokuwa ikihutubia.

Bwana Mkubwa akaona anadharauliwa. Akasema, "Wageuze! Waangalie." Askari wakawashika mabega wakawageuza mmoja mmoja. Wakigeuzwa wanafumba macho. Mmoja alijifunika kwa ngozi yake ya mbuzi. Ombasha akaivuta.

Na mimi je? Mimi ni mkwe wake. Mkwe pia hapaswi kutazama. Jina la baba mkwe lenyewe silitaji ovyo, hata katika barua hii nimelitaja kwa ajili yako tu. Nilipaswa kuielekea migomba pamoja na wanawake. Lakini mkalimani husimama mbele, kando ya Bwana, anawaelekea watu. Nikasimama. Nilimtazama nzi aliyetua juu ya kiatu cha Bwana Mkubwa, nikamtazama nzi huyo mpaka kiboko kilipokoma. Babu yako hakutoa sauti. Mimi ndiye niliyekuwa nikitoa sauti, kooni, kama mtu anayejizuia asikohoe.

Walipomaliza, Bwana Mkubwa akapanda juu ya gogo moja la kukalia lililokuwa uani, akaniambia, "Sasa waambie. Hii ni adabu. Nimewaletea adabu. Waambie kwa lugha yao."

Neno lilikuja lenyewe mdomoni. Enkanyit. Kwa kufasiri tu, ni rahisi, mtoto angeweza. Lakini fikiri ni neno gani hilo. Ndilo linalomfanya mtoto ainamishe kichwa. Ndilo lililomfanya mzee anyoshe kiganja chake. Ndilo lililowageuza wanawake kuelekea migomba. Uani pale kila mtu alikuwa nalo isipokuwa wale waliovaa viatu. Nami niliambiwa nilichukue neno hilo, nilivishe kiboko, niwape wenyewe kana kwamba ni zawadi kutoka ng'ambo.

Nikasema, "Bwana, neno hilo halipo."

Akasema, "Halipo?"

"Kwa jambo hili, kwa lugha yao, halipo."

Mimi Juma mchekeshaji, ambaye nikiona nyoka natangulia kukimbia hata kabla ya mwenye kumwona kwanza, nilisimama mbele ya bunduki nikakataa. Nilijua nitalazwa pale pale alipolazwa mkwe wangu. Nilianza hata kuwaza habari ya kaptula yangu, kwamba ina kiraka nyuma na watu watakiona.

Na unajua alifanya nini? Akatikisa kichwa polepole, akafurahi! Akatazama kama mtu aliyepoteza ufunguo akauona. Akasema, "Nilijua. Nilijua hawana." Akanipiga bega. Akasema mimi ni mkalimani mzuri.

Mara moja katika maisha yangu nimekuwa shujaa, Hamisi, mara moja tu, na ushujaa wenyewe ukawatukana wakwe zangu. Kama si mambo ya kulia ningekuwa wa kwanza kuyacheka.

Watu walikuwa wakingoja niseme kitu. Nikawaambia kwa Kimaasai, "Huyu ametaja jambo nisiloweza kulitamka mbele ya mkwe wangu." Wakaelewa. Bibi mmoja akaitikia, na Bwana Mkubwa akadhani anashukuru.

Kwa siku kadhaa sikuweza kwenda kwa babu yako. Nilipokwenda nilimkuta amelala kifudifudi, mgongo umepakwa mafuta ya kondoo. Sikujua niingie vipi. Akasema bila kugeuka, "Ingia, wewe mwenye mdomo wa watu wengi." Alikuwa akinitania! Katika hali ile. Sasa unajua ulikotoka utani wako; si kwangu tu.

Akaniuliza, "Yule mgeni alikwambia utuambie nini siku ile?"

Nikamweleza. Adabu.

"Nawe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hatuna neno hilo."

Aliuficha uso wake mikononi. Nikadhani nimemwongezea kipigo kingine. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona anacheka, anacheka huku akisema "yoo, yoo" kwa sababu kucheka kunamwuma mgongo. Akasema, "Umefanya vizuri kumnyima. Angelichafua."

Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Watu wanasema wewe umekwisha kuanza kuwasimulia ile habari ya kofia." Nikakiri, maana kweli watu wa nyumba ile walikuwa wanahitaji kucheka, na mimi ndiyo kazi niliyoijua. Akasema, "Simulia. Wacheke. Lakini komea kwenye kofia. Ukifika kwenye shuka umenivua nguo mara ya pili."

Ndiyo sababu nakomea kwenye kofia. Nilimpa neno langu, nikalishika mpaka amekufa na baada ya kufa. Watu wakanijua kuwa ni mtu wa furaha. Sikuwa naigiza, napenda kucheka, nadhani hata kaburini nitamtania malaika. Lakini nyuma ya kisa kile nimeketi miaka yote nimekasirika, Hamisi. Nimekasirika nikila, nikisali, nikikuchongea fimbo ya kuchungia. Nilipokuwa nikimwigiza Bwana Mkubwa akiruka na masizi puani, hasira ndiyo iliyokuwa ikiruka. Mlidhani nina kipaji.

Na neno lile nililolisema, "halipo", lilichukua safari yake. Bwana Mkubwa yule alilipeleka kwenye meza yake ya jioni. Nilikuwa nimesimama pale kando ya ukuta, nikamsikia akiwaambia wageni, "Watu hawa hata neno la adabu hawana, mkalimani wangu mwenyewe amethibitisha," na wageni wakanigeukia wakanitazama kwa huruma. Mgeni akaandika. Alipoondoka yule Bwana, aliyekuja baada yake alikuwa amekwisha kulisikia huko pwani. Kisha nikalisikia kwa mlowezi mmoja wa upande wa mto Usa, akimfukuza mchungaji wake. Kisha mwalimu wenu. Na leo mchana, juu ya mkeka wangu, likatoka kinywani mwako wewe, limenona, limerudi nyumbani.

Unaelewa sasa kwa nini sinia liliruka? Sikukukasirikia wewe peke yako. Ulikuwa umekaa tu mahali hasira ilipokuwa ikipita.

Mara nyingi nimetaka kusema kwamba nilieleweka vibaya. Nani wa kumwambia? Nikienda kwa Bwana wa sasa nikasema, "Bwana, neno lipo, nililificha," ataniuliza kwa nini nililificha, na nikimjibu sawasawa nitalazwa, na mgongo wangu sasa una umri. Tena nikimpa neno nitakuwa nimempa kile ambacho babu yako alitaka anyimwe. Nikimnyima, wanaendelea kusema hatuna. Nimegeuzageuza jambo hili kama chapati. Upande wowote linaungua.

Basi sikuachii jibu. Nakuachia kisa.

Wewe sasa utasimama pale niliposimama mimi, kando ya mtu anayeamuru. Unajua Kiswahili kuliko mimi, unajua na Kidachi, nami najua kimekuvimbisha kichwa kidogo, usikane. Bwana wa Moshi naye atakuwa na meza yake ya jioni na wageni wake na chupa zake, na siku moja ataona unachekesha, akwambie, "Mkalimani, tusimulie kitu." Nakujua mwanangu. Ulikuwa umekwisha kukichagua kisa chenyewe. Leo mchana ulikuwa ukijaribu sauti.

Usikisimulie huko. Nakuomba kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima. Hata ile nusu ya kofia, usiwape. Sisi tulipokuwa tukicheka barazani, tulikuwa watu wanaoishi chini ya kiboko kile kile, tukimcheka mwenye kiboko. Ukikipeleka mezani kwake, yeye hataona kofia. Atamwona mzee, na utalazimika kumfanya mzee kuwa zezeta ili wapate kucheka. Leo ulifanya hivyo bila kulazimishwa na mtu, kwa ajili ya vijana wawili watatu na kahawa. Sikulaumu, mimi ndiye niliyekupa kisa kilichokatwa mkia. Lakini sasa unacho kizima.

Na mwisho wake pia usiusimulie, kwa ajili ya shuka la babu yako. Nimevunja ahadi yangu kwa mtu mmoja tu. Ukipata mtoto na akakua akawa na kiburi cha Kidachi kichwani, basi mvunjie yeye.

Habari ya kazi yenyewe nitasema moja, kisha niache kabla sijawa shehe. Ile hila yangu ya kugeuza "boi" kuwa "baba" nilijivunia sana. Sasa sijui. Labda wale wazee wangejua wanavyoitwa, wasingemfungulia mlango. Labda babu yako asingenyosha mkono. Niliwapamba wageni wale mpaka wakaonekana watu wa kuwekewa kiganja. Wewe ukitafsiri, acha maneno yatoke na uchungu wake, angalau mara moja moja, watu wajue wanasimama mbele ya nani. Au usifanye hivyo. Utakuwa pale, mimi sitakuwapo. Nitakuwa hapa nasafisha mkeka.

Nimemsomea mama yako barua hii sasa hivi, yeye hapendi kusoma maandishi yangu, anasema yanamtia kizunguzungu. Amesikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye migomba alisema, "Ilikuwa na mikungu mitatu iliyoiva. Niliitazama sana." Nimeishi naye miaka yote hiyo, sikujua kwamba aliitazama. Sijui alichokitazama kila mmoja wa wanawake wale. Nimejiona mpumbavu kwa kutouliza.

Akasema pia umelelewa na baba asiyejua kukasirika mpaka awe amevunja vyombo, na kwamba hilo ni kosa la mama yangu.

Kesho nimeomba ruhusa bomani. Nitakusindikiza mpaka mto Usa. Wenzako watakuja pia, najua, na watatazamia nianze vituko tangu mlangoni. Wewe nenda karibu nami. Ukiniona natembea bila kusema kitu, usiulize kama naumwa, wala usinitafutie neno la kunichekesha. Nitakuwa natembea tu na mwanangu.

Ndimi baba yako,
Juma